Hazina ya Migombani

Jumatatu, 16 Juni

Likizo imeanza na Zaitun hajaota jua. Binti wa miaka tisa, shingo imepinda kwenye simu ya mama yake! Tangu tuhamie Kasulu kutoka Tanga hana rafiki hata mmoja. Leo Mwajabu, mke wangu, ametoa hukumu: mtoto asipochangamka hadi Ijumaa, anapanda basi kwenda kwa bibi yake. Moyo umenishuka. Nyumba bila Zaitun? Haiwezekani. Lakini mimi ndiye Badru, nina akili. Nimeanzisha Kambi ya Watoto na Mazingira. Mkurugenzi: mimi.

Jumanne, 17 Juni

Wamekuja watoto wa majirani, na Zaitun kwa kuburutwa. Nimewahutubia kuhusu faida za hewa safi. Mmoja akalala. Evaline, mjukuu wa jirani yetu Mzee Makarius, akauliza kama hotuba ikiisha wanaweza kwenda kucheza. Hana nidhamu huyo! Kesho tunasaka hazina. Mzee Makarius ametupa ruhusa kuingia shambani kwake, ila tusiharibu kitu. Tuharibu nini, migomba?

Jumatano, 18 Juni

Asubuhi nilifukia peremende migombani. Mchana sikumbuki wapi. Migomba yote inafanana! Nikaona mahali pana udongo laini, juu majani makavu. Nikaamuru wachimbe. Evaline akasema pale ni pa babu yake, pasiguswe. Nikamwambia aache uvivu, nikashika jembe mwenyewe. Lo! Ndizi! Mikungu kwa mikungu imepangwa chini ya ardhi, mbivu, tamu ajabu. Nikatangaza kwamba ardhi ya Kasulu ina baraka. Tukala. Zaitun alicheka, mdomo umejaa. Ushindi!

Jioni Mzee Makarius akabisha hodi. Kumbe huku ndizi za pombe huvundikwa shimoni. Zilikuwa za kuwapokea wakwe wanaoleta mahari ya binti yake wiki ijayo. Nilitaka kumweleza kwamba Tanga tunavundika kwenye gunia, ndani ya nyumba, kama watu. Mwajabu akanikanyaga mguu.

Alhamisi, 19 Juni

Adhabu: kambi nzima imchimbie Mzee shimo jipya, na kupandisha mikungu mingine kutoka bondeni. Mlima ule si wa binadamu. Safari ya kwanza tu nilianguka, mkungu ukarudi bondeni kabla yangu. Huruma hakuna, ni vicheko tu! Evaline akamfundisha Zaitun kukalia ganda la mgomba na kuteleza mpaka chini. Nikapiga marufuku. Nani anisikie? Wakabeba, wakateleza, wakabeba tena. Mwanangu vumbi mpaka kwenye kope, anapiga kelele kwa Kiha, lugha ya huku! Machozi yakanitoka. Mzee akadhani ni mgongo. Na mgongo pia ulikuwepo.

Ijumaa, 20 Juni

Mwajabu amemuuliza Zaitun kama amfungie begi. Zaitun akasema haendi popote, Evaline anamsubiri. Akatoka mbio, pekupeku, chai hakumaliza. Simu iko mezani, imeisha chaji. Mwajabu akanishika mkono, akacheka hadi akakaa chini. Furaha niliyonayo sijui niiweke wapi! Nimemwambia haya yote ni matokeo ya uongozi bora. Mzee Makarius hata asante hajasema.

Halafu nimegundua kitu shambani kwake. Juu ya mti mkubwa yamening'inia magogo yenye vitundu, na ndani mnavuma kidogo. Ndege, bila shaka. Kesho nawapandisha watoto wakawaone makinda.