Marafiki wa Mshindi

Bahati ya Delmer Tidmore ilimwingilia kwenye sikio la kushoto, kwa maana la kulia lilikuwa upande wa ukuta.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Bunge la jimbo linakaa, na mgahawa wa Fannin, chini ya Kilima cha Mbuzi, ulikuwa umejaa watu wa tai shingoni na harufu ya soseji. Kilima hicho ndicho kilichobeba kuba jeupe la serikali yetu ya Alabama. Zamani walichunga mbuzi pale juu, na wapo wasemao kwamba malisho ni yale yale, wamebadilika mbuzi tu. Delmer alikuwa anakula uji wake mzito wa mahindi na yai juu. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti na mahema kwa karamu za michango ya wagombea, na mwaka wa uchaguzi mji wetu mkuu wa Montgomery hauishiwi karamu hizo kama mbwa koko asivyoishiwa viroboto.

Nyuma yake alikaa Weldon Spruill, mtu wa kampuni ya kuku ya Dunaway. Spruill alilipwa kuwapenda wabunge kwa niaba ya kuku, ingawa kuku wenyewe hawakuwahi kuulizwa. Alikuwa akimlilia mwenzake. Kampuni imemchangia Seneta Royce Culpepper, sawa. Lakini sasa mpinzani wake anavuma, kwa hiyo naye itabidi achangiwe, asije akashinda akakuta jina la Dunaway halimo. Na wakubwa kule Atlanta kila mara humuuliza swali lile lile: mbio ni moja, kwa nini tunanunua farasi wote wawili?

Delmer akaacha kutafuna.

Si kwamba habari ilikuwa ngeni kwake. Mpanga viti gani asiyejua kwamba wale wanaokula nyama kwa seneta Jumatatu ndio wanaokula samaki kwa mpinzani Alhamisi, tena wamekalia viti vile vile? Kilichomchoma ni uchungu wa yule bwana. Delmer alikuwa na moyo laini. Hakuweza kumwona tajiri akiteseka kwa kutoa mara mbili, ilhali yeye Delmer yupo na hajapewa hata mara moja.

Sasa, Delmer alishawahi kufungwa. Baada ya kimbunga kule Mobile alipita nyumba hadi nyumba akichukua malipo ya kuezeka mapaa, na hakuezeka hata banda la bata. Wajane wakanyeshewa, yeye akaenda jela, na hapa hapatikani wa kumtetea. Ila watu wa huku hatusahau upesi. Msimu ule ule bwawa la kinyesi cha kuku wa Dunaway lilipasuka likamwagikia kijito cha Polecat. Watoto wakatoka vipele, visima vikafungwa, na kati ya waliolimiliki lile bwawa hakuna aliyekosa hata kifungua kinywa. Muswada wa kuwalazimisha wajenge kuta imara ulipelekwa kwenye kamati ya Seneta Culpepper, na ungali huko, umelala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Delmer naye alikuwa na somo lake. Usiku wa jela ulimfundisha kwamba fedha atazitafuta popote zilipo, lakini nondo za dirisha hatazishika tena maishani. Alitaka kitu kimoja tu: kile kinyumba cha wageni alichokiona kando ya barabara kule Florida, chenye kibao cha taa na bwawa la kuogelea lisilo na maji. Anunue, akae kivulini na chai yake baridi yenye sukari, asiinue kiti cha mtu tena mpaka kufa.

Wiki haikuisha akawa amesajili kamati ya kuchangisha fedha za siasa. Kwetu kusajili kamati ya siasa ni rahisi kuliko kusajili mbwa, maana mbwa anadaiwa chanjo. Akavaa suti ya kijivu, akamwalika Spruill kula kambare wa kukaanga.

"Inaitwa Marafiki wa Mshindi," alimwambia.

"Mshindi yupi?"

"Atakayeshinda."

Spruill akaweka uma chini. "Ndiyo nani huyo, bwana Tidmore?"

"Ndugu yangu, ningemjua ningekuwa hapa nachambua miiba? Hakuna anayemjua. Ndiyo maana mnatoa huku na huku, kama mtu anayefukuzwa na mbwa wawili akawa anawarushia mifupa. Mimi nasema toeni mara moja. Tunakaa nazo. Uchaguzi ukiisha, asubuhi yake tunamgongea mlango: mheshimiwa, hawa walikuwa marafiki zako tangu watu hawajakujua."

"Na ataamini?"

"Mwanasiasa akiambiwa alipendwa? Uliona wapi akabisha?"

Spruill akatazama dirishani kwa muda, macho yamemlegea kama mtu aliyesikia wimbo wa utotoni. Kisha akauliza kuhusu wagombea wa Bunge la taifa kule Washington, maana huko sheria ya taifa inaikataza kampuni kuchota kwenye sanduku lake ikampa mgombea. Kampuni huwa na mfuko wa pembeni ambao mameneja huuchangia kwa hiari yao, na meneja asiye na hiari hapandi cheo. Delmer akamtuliza kwamba mifuko hata ikiwa miwili, suruali ni moja, alete yote.

"Huko nako mshindi atapatikana," alisema. "Sijasikia uchaguzi uliomkosa."

Toka hapo kazi ikajiendea yenyewe kama maji ya mteremko. Kwa mtu wa nyumba za kutunzia wazee Delmer alisema kuku wameshaingia. Kwa mtu wa machimbo ya kokoto alisema wazee wameshaingia. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kamati itafanya nini. Wote waliuliza nani amo, na kila aliyesikia jina la jirani yake alitoa kalamu haraka, kama mtu aliyeona basi linaanza kuondoka.

Halafu akafanya karamu. Aliifanya katika hoteli yenye mazulia mazito, na viti akaikodishia kamati yake mwenyewe, kwa bei ambayo ingemwaibisha mtu mwenye aibu. Katikati ya meza kuu aliweka kiti kimoja cha mahameli mekundu, kikabaki kitupu. Akasimama, akashika glasi, akasema kwamba usiku wa leo wamekutana kumheshimu mtu ambaye maoni yake wote wanayaunga mkono, yatakapojulikana. Watu wakapiga makofi. Mchungaji aliyealikwa akakiombea kile kiti afya njema na familia yenye amani.

Ukafika wakati wa picha, maana mchangiaji asiye na picha ni sawa na bwana harusi asiye na pete. Wakapanga mstari. Mtu wa kokoto akaweka mkono juu ya egemeo la kiti, kirafiki, kama anayeshika bega. Mtu wa nyumba za wazee akakinong'oneza jambo kuhusu kodi. Spruill zamu yake ilipofika alijikuta ameinama kidogo, na kwenye picha anaonekana akitabasamu kwa unyenyekevu wa kweli. Wacheke wanaotaka. Viti vingi pale juu kilimani vimekaliwa na watu wenye maoni machache kuliko kile.

Fedha zikajaa benki. Hapo sasa ndipo dhiki ya Delmer ilipoanza.

Kila alipokwenda kuzitoa, goti lake lilikumbuka sakafu ya jela. Kuzipokea lilikuwa jambo halali kama ubatizo. Kodi ya viti aliila bila hofu, ila haikutosha Florida; kuzitia zilizobaki mfukoni mwake ndiko kulikokuwa wizi. Mara tatu alisimama mbele ya dirisha la benki, akamuuliza yule binti habari za mama yake, akatoka mikono mitupu. Florida ilikuwa pale pale ndani ya kioo, ainue tu mkono, na mkono haukuinuka.

Zikiwa zimebaki siku chache watu wapige kura, alikuja ghalani kwake Bibi Marlene Yancey. Mjini alijulikana kama mshauri wa kampeni, mwenye ofisi yake na nyumba ya ziwani. Tena alikuwa binti wa Seneta Culpepper, jambo ambalo hakulificha wala kulitangaza. Alivuta kiti kimoja, akakitikisa kwanza kuona kama miguu iko imara, ndipo akaketi.

"Baba anakusalimu," alisema. "Anashukuru kwa urafiki wako, endapo atashinda."

Delmer akaanza kukunja viti vilivyokuwa karibu. Akasema yeye ni mtu wa viti tu.

"Acha hizo, kaka Delmer. Baba amecheka mpaka kashika mbavu. Miaka yote hii yeye anauza kuchaguliwa kwake. Wewe umeuza kuchaguliwa kwa mtu yeyote. Kasema kipaji cha namna hiyo kisiachwe kioze ghalani." Akatoa kitambaa, akafuta vumbi kwenye kidole. "Shida yako naijua. Fedha si zako, ni za kamati. Ukinunulia hata soksi, unarudi ulikotoka."

Delmer akatazama soksi zake.

"Lakini kamati inaruhusiwa kununua ushauri," Bibi Marlene aliendelea. "Mimi nauza ushauri."

"Bei gani?"

"Una kiasi gani?"

Akampa mpango wote polepole, kama anayemlisha mgonjwa. Kamati itailipa ofisi yake kila kilichomo, hadi senti ya mwisho. Uchaguzi ukipita, ofisi itamwajiri Delmer kwa cheo kizuri chenye mshahara mnono, na katika kila mafungu kumi ya fedha hizo, tisa yatamrudia yeye, safi, yamefuliwa na kupigwa pasi. Moja litabaki kwa Bibi Marlene kwa usumbufu.

"Wakaguzi wakiuliza je?"

"Watakuta ushauri ulilipiwa na ushauri ukatolewa. Hakuna mahakama iliyowahi kuuweka ushauri kwenye mizani ikasema huu umepungua uzito."

Delmer akaomba habari ya mafungu tisa iandikwe. Bibi Marlene akamtazama kwa huruma, kama mama anayetazama mtoto aliyeogopa giza.

"Tukiandika tunafungwa sote wawili. Tusipoandika hafungwi mtu. Chagua wewe."

Mtu aliyewachukulia wajane fedha zao kwa kuwapa mkono tu angepaswa kujua thamani ya mkono. Na Delmer aliijua vizuri. Lakini hofu ya jela ni moshi wa kuni mbichi, humtoa machozi hata mpishi hodari mpaka akaunguza chungu. Tena yule bibi alinukia vizuri, na viatu vyake havikuwa na vumbi, na Delmer, pamoja na ujanja wake wote, bado aliamini jambo moja wanaloliamini maskini wa nchi hii: kwamba mtu aliyekwisha kushiba haibi. Wakashikana mikono. Kesho yake fedha zikahama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu goti lake halikumuuma.

Culpepper akashinda. Huwa anashinda.

Asubuhi yake Delmer alipanda mpaka ofisini kwa Bibi Marlene akiwa na tai mpya. Alikaribishwa vizuri, akapewa kipande cha keki ya njugu. Akasema amekuja kuanza kazi. Bibi Marlene akasema kazi hakuna, ila ushauri wake uko tayari.

"Ushauri gani?"

"Ivunje kamati leo, kabla hawajaanza kuulizana."

Delmer akaweka keki chini.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ni ushauri mzuri sana. Wapo waliolipa zaidi ya wewe wakapata mbaya."

Akasimama. Akasema kwamba wao walikubaliana mafungu tisa kwa kumi, walipeana mikono, na yeye si mtoto wa kuchezewa. Bibi Marlene hakupandisha sauti. Alinyoosha tu kidole kuelekea mlangoni, ambako askari wa jengo alikuwa anamalizia keki yake.

"Mweleze yule tulivyokubaliana. Taratibu lakini, maana anaandika polepole. Anzia pale mliposimama mkapiga picha na kiti."

Delmer akamtazama askari. Akatazama pingu zilizoning'inia kwenye mshipi wake, zinang'aa kwa jua la asubuhi. Akaketi tena.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Weldon Spruill akiwa na furaha ya mwali. Alikuwa ametoka kuonana na seneta. Mheshimiwa alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia anafahamu Dunaway walikuwa marafiki zake tangu mwanzo, na ule muswada wa mabwawa asiuwazie, umelala. Spruill akamkumbatia Delmer. Akasema maishani mwake hajawahi kununua kitu kikafika salama namna hii, na Atlanta wameuliza kama mwakani wanaweza kutoa zaidi.

Kwa hiyo tuseme ukweli, ingawa unauma. Spruill alipata alicholipia. Seneta alipata alichozoea kupata, kwa mlango wa binti yake. Watu wa Polecat bado wananunua maji ya chupa. Katika mji mzima, aliyetapeliwa kisheria ni tapeli peke yake, na sheria haikumwandama yeyote kati yao, kwa sababu haikuvunjwa.

Delmer alikuwa ameshafika kwenye ngazi Bibi Marlene alipomwita. Jioni kulikuwa na karamu ya kumpongeza baba, pale kwenye nyasi, na mawingu hayakuwa ya kuaminika.

"Tutahitaji mahema na viti," alisema. "Utupe bure, kaka Delmer. Tutaviandika kama mchango wako kwa seneta. Jina lako litasomwa."

Yule askari alikuwa amesimama nyuma ya bibi, anajifuta makombo.

Delmer akalegeza tai, akauliza vinahitajika viti vingapi.