Kiti cha Mbele cha Gari la Gus

Alhamisi, 11 Julai

Tumeondoka Cedar Rapids. Safari yetu ya kila mwaka: mimi, Gus na Lonnie, tuliocheza besiboli pamoja shuleni enzi hizo tukiwa na nywele. Gus anaendesha. Lonnie yuko kiti cha mbele. Mimi nyuma, nimebanwa na sanduku la barafu, kama kawaida.

Sheria tuliitunga wenyewe na haina huruma: kiti cha mbele ni cha aliyewahi kudaka mpira uliopigwa ukaingia jukwaani. Lonnie kadaka. Gus kadaka, wake ulimpiga mgongoni akiagiza soseji, lakini tukauhesabu. Mimi Delmar, niliyekuwa na mikono ya kudaka kuliko wote wawili, sijawahi. Inaniuma. Inaniuma sana!

Mwaka huu nimejipanga. Nimekuja na glavu ya kudakia. Lonnie alipoiona alicheka hadi akapaliwa. Akasema mtu mzima mwenye glavu jukwaani ni sawa na bwana harusi aliyekwenda fungate na mama yake. Aseme tu. Mvumilivu hula mbivu.

Ijumaa, 12 Julai

Davenport. Nimewachunguza wapigaji wakipasha misuli. Wengi wanapigia mkono wa kushoto. Kwa hesabu zangu mipira itapotelea kulia. Nikawaaga wenzangu, nikahamia huko peke yangu, glavu mkononi, jua likinipiga usoni.

Kipindi cha tatu mpira ukaruka juu! Ukaenda kushoto. Ukatua kwenye kiti nilichokihama, katikati ya bisi zangu. Gus akauchomoa bila hata kusimama, akaupangusa siagi.

Njia nzima kwenda hotelini Lonnie alikuwa akiniuliza kama huko kulia kulikuwa na hewa nzuri.

Jumamosi, 13 Julai

Peoria. Mchezo wa mwisho wa safari. Tumekaa nyuma ya uzio wa mbali, pale vipigo vikubwa, mipira inayovuka uzio, vinapoangukia, katikati ya mashabiki wa wenyeji, nami nimevaa fulana yao. Lakini vipigo viko wapi? Mrushaji wa wenyeji alikuwa hajapigwa mpira wake hata mmoja, jambo adimu sana. Kipindi cha saba, bado. Uwanja mzima ulijua na hakuna aliyethubutu kulitaja, maana ukilitaja tu, limeharibika. Hata muuza bia alikuwa ananong'ona.

Nikawaza. Wasipopiga, sidaki. Nisipodaka, ni sanduku la barafu mwaka mwingine. Nikasimama, nikasema kwa sauti kwamba jamani, hivi mmeona mrushaji huyu hajapigwa mpira hata mmoja?

Mama mmoja akafumba macho. Lonnie akasema, "Delmar, wewe ni mchawi, tena mchawi wa mchana."

Mpira uliofuata ukapigwa! Ukaja moja kwa moja kwangu. Nikainua glavu, nikageuza uso pembeni, na pa! Ndani! Nilitaka kulia.

Hapo jukwaa zima likaanza: Rudisha! Rudisha! Mpira uliopigwa na wageni haukai kwa mashabiki wa wenyeji, hurudishwa uwanjani. Hilo nalijua. Ndiyo maana nilikuwa na mpira wa dukani mfukoni, kwa kazi hiyo hiyo. Nikawapa mgongo, nikabadilisha upesi upesi, nikatupa kwa nguvu zangu zote. Wakashangilia! Hata mama yule.

Nikamwonyesha Gus mpira wangu. Gus akaugeuzageuza mkononi. Akaniuliza kwa upole mbona mpira huo una kibandiko cha bei.

Jumapili, 14 Julai

Tumerudi. Nyuma tena. Lonnie anashikilia kuwa mpira usioonekana haukudakwa. Lakini Gus, Mungu ambariki, alisimamisha gari kabisa. Akasema yeye ameuona ukiingia kwenye glavu kwa macho yake mawili, na gari ni lake, kwa hiyo mwakani Delmar anakaa mbele hadi Davenport. Lonnie akasema hadi kituo cha kwanza cha mafuta. Wakavutana. Wakakubaliana hadi Davenport, kwa sharti moja: niape kwamba ujanja wangu umekwisha.

Nimeapa, mkono kifuani, kofia nimevua. Nina furaha kama mtoto. Kiti cha mbele!

Lakini tuseme ukweli. Ujanja haukuwa na kosa. Kosa ni kwamba jukwaa lilijua mimi ni wa wenyeji. Mwakani nitavaa fulana za timu zote mbili, moja juu ya nyingine. Wageni wakipiga, navua ya juu, nabaki shabiki wao.