Hotuba ya Kufungua Kliniki ya Nywele

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti, Mheshimiwa anayekaimu nafasi ya Makamu kwa kuwa Makamu yuko msalani, wakuu wa idara, vinyozi, wasusi, wazazi wenzangu, nanyi wengine mliosimama juani kwa hiari yenu! (Makofi.)

Mimi, Mkurugenzi wa Masuala ya Kichwa kwa Upande wa Nje, nazindua kliniki hii baada ya mchakato shirikishi wa miaka sita, semina elekezi arobaini na upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe kwa kujipapasa utosi kila asubuhi kabla ya chai. ("Jembe letu!") Utafiti umebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya wenye vipara waliwahi kuwa na nywele. (Makofi marefu.)

Wataalamu wanasema nywele hukatika kwa kurithi, kwa umri, kwa homa kali, baada ya kujifungua, kwa lishe duni, kwa dawa fulani, na kwa misuko inayokazwa mpaka mtu anashindwa kufumba macho. (Wasusi: "Aa, Mheshimiwa, usituchongee!") Wanasema pia kwamba zikidondoka ghafla, zikitoka kwa mabaka, au ngozi ikiuma na kutoa usaha, usingoje, muone daktari, hasa kama ni mtoto. Tumelizingatia hilo. Ndiyo maana kila mgonjwa ataleta nywele zake zilizodondoka, zikiwa zimegongwa muhuri, unywele mmoja mmoja.

(Mama mmoja: "Baba, binti yangu ana mabaka yanatoa usaha, halali kwa maumivu. Daktari yumo?")

Swali zuri sana, mama yangu! Tumelipokea, tutaliundia kamati ndogo. Mtoto ainue kichwa apigwe picha ya ripoti.

("Hataki picha, anataka dawa!" Mama anamvuta mtoto, anakwenda kugonga mlango.)

Nywele juu! ("Juu!") Vipara chini! (Wanaume watatu wanashusha kofia.)

Mwisho, nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi rangi, aliyechora mlango, dirisha na muuguzi anayetabasamu kwenye ukuta huu wa ghala kwa ustadi ambao haujapata kuonekana. Mama, gonga taratibu, rangi haijakauka.

(Msusi mmoja: "Dada, achana na huo ukuta. Njoo mwanangu, hospitali naijua, nawapeleka sasa hivi." Wanaondoka watatu. Makofi makubwa kuliko yote.)

Asanteni! Asanteni sana! Naona hotuba imewaingia.