Mluzi wa Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Aibu tena. Nimeamka mapema, nimenyoa ndevu, nimejipaka mafuta mpaka masikioni, utadhani redio ya upepo ya lorini inaonyesha sura. Nimekunywa maji ya moto na asali kulainisha koo. Saa kumi na mbili na nusu Kituo akaanza kuyaita malori kwa namba zake, kama kila asubuhi.

Kituo ndiye mama anayetupangia safari za kokoto, pale juu kwenye ofisi ya mizani. Jina lake tunalijua wote, lakini redioni yeye ni Kituo, na mimi hata moyoni namwita hivyohivyo. Sauti yake, jamani! Akiuliza kama Namba Saba niko tayari, naitikia kwa kichwa, utadhani ananiona.

Nikabonyeza maiki nimpe habari za asubuhi. Wiiii! Mluzi wa kutoboa masikio. Uwanja mzima ukapiga honi kunilalamikia. Kituo akasema haya, Namba Saba yupo, anayefuata. Miezi minane sasa, sijawahi kummalizia sentensi moja.

Kisha Kinanda, dereva wa Namba Nne, akaingia na lile sauti lake la kutangazia misiba, akamuuliza Kituo kama ameamka salama. Inamhusu nini?

Halafu pigo lenyewe. Kituo akatangaza kwamba Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Anahamia machimbo ya upande wa pili wa milima. Nikabaki nimekumbatia usukani mpaka lori la nyuma likanipigia honi.

Nimeandika ninachotaka kumwambia kabla hajaondoka: Kituo, sauti yako ndiyo inayonirudisha salama. Maneno sita tu. Nina siku nne.

Jumanne, 4 Machi

Nimemjua mchawi. Ni Kinanda! Lori lake hulala ubavuni mwa langu, na nimewahi kusikia kwamba redio mbili zikikaribiana hupigiana kelele. Nikaenda kumnong'oneza kwamba kwenye ukuta anapoegesha kuna kiota cha nyigu, wakubwa, wenye hasira. Akanishukuru sana. Akaniita ndugu yangu.

Akahamisha lori. Akaliegesha wapi? Chini ya dirisha la Kituo! Sasa hata redio haihitaji. Anatoa kichwa nje, anamsalimia uso kwa uso, na mama wa watu anacheka. Nimemsikia akicheka kwa masikio yangu mawili, na si mimi niliyemchekesha.

Nikajaribu redio. Wiiii! Palepale ulipokuwa.

Jumatano, 5 Machi

Dada yangu mkubwa, fundi cherehani, ambaye naishi chumba cha uani kwake, ameniuliza ofisi ya Kituo ina ngazi ngapi. Nikamwambia kumi na mbili. Akauliza kwa hiyo mtu mzima wa miaka arobaini na sita anashindwa kupanda ngazi kumi na mbili? Nikamjibu kwamba hajui mambo ya redio. Akasema anayajua ya mdogo wake.

Ukweli ni kwamba nimeshapanda. Mara mbili. Mara ya kwanza nilifika ya tisa. Mara ya pili nilifika mlangoni, nikamwona kwa nyuma, shali ya kijani mabegani, penseli nyuma ya sikio, nikasahau hata kilichonipeleka. Nikashuka kwa ncha za vidole. Redioni angalau hanioni ninavyotetemeka.

Mpango wa leo: kuziba maiki. Nikachukua sponji ya bega kutoka kwenye gauni lililokuwa linaning'inia kwa dada, nikaifunga kwenye maiki kwa uzi. Mluzi ukapungua! Lakini na mimi nikapungua. Kituo akauliza kwa wasiwasi nani huyo anaongea kutoka chini ya godoro, kisha akamtuma mlinzi aje aangalie kama Namba Saba nimetekwa. Mlinzi akanikuta mzima, nimeshika bega la gauni. Akaliangalia bega, akaniangalia mimi, akarudi lindoni. Ingekuwa afadhali angeuliza.

Jioni mwenye gauni akaja kulichukua. Bega moja juu, bega moja chini. Dada hajanisemesha tangu hapo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesalimu amri, nimemwita fundi wa redio. Mzee asiye na haraka. Akaketi kwenye kiti changu, akageuka, akaziona zile spika mbili nyuma ya kichwa, akauliza nani kazifunga. Nikasema nilinunua lori zikiwemo. Akaniuliza tangu lini lori la kampuni nimelinunua mimi.

Basi nikakiri. Nilizifunga mwenyewe, miezi minane iliyopita, wiki ileile Kituo alipoanza kazi. Nilitaka sauti yake inizunguke.

Akaonyesha kitufe kidogo pembeni, kile kinachomfanya msemaji ajisikie mwenyewe spikani, akauliza na hiki nani kakizungusha mpaka mwisho. Nikatazama dirishani. Mimi. Nilitaka kujua sauti yangu inamfikia ikoje.

Akanieleza taratibu, kama anamfundisha mgonjwa kunywa dawa. Nikisema, sauti inatokea spikani, inarudi kwenye maiki, inatoka tena imekua, inarudi tena, mpaka inakuwa yowe. Kwamba redio ni nzima kabisa. Kwamba Kinanda hana kosa. Akachomoa spika zangu, akafunga kitufe, akaniambia nijaribu. Nikasema moja, mbili, tatu. Safi! Kimya kama msikitini. Akanionya nisiguse kitu. Nikaapa. Akaniambia niape tena.

Tatizo ni moja. Sasa Kituo anatoka kwenye kispika kidogo chini ya dashibodi, sauti ya kwenye kopo. Nimerudi nyumbani na huzuni ya mtu aliyefiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi jioni, kuaga. Kila lori kwa namba yake. Kinanda alisema mpaka nikadhani betri yake itaisha. Wa tano akashukuru, wa sita akakohoa. Zamu yangu.

Nikawaza: jibu lake nitalisikia mara moja tu maishani. Nilisikie kwenye kopo? Nikachomeka spika. Kwa ajili ya jibu tu! Na kitufe nikakizungusha kidogo, kidogo sana, nihakikishe sauti haitetemeki.

Nikabonyeza. Kituo, sauti yako... Wiiiii!

Safari hii hakuna aliyepiga honi. Kituo akangoja mluzi uishe. Akasema Namba Saba, nimekupata. Akasema kila asubuhi akiusikia mluzi huo anaweka alama daftarini bila kutazama nje. Kwamba jioni za mvua alikuwa hatoki dirishani mpaka ausikie unarudi. Kwamba kama nina la zaidi, mlango wa ofisi uko wazi mpaka saa kumi na moja.

Mungu wangu! Nililia. Nasema kweli, nililia.

Sasa, mtu akialikwa hivyo lazima ajibu kwamba anakuja. Nikaingia chini ya dashibodi kuzichomoa spika nimjibu kwa sauti safi. Waya mmoja ukakatika. Nikaumenya, nikauunga, ukakatika tena. Nilipoinuka na redio imetengemaa, nikabonyeza, nikasema maneno yote sita bila mluzi hata chembe. Akajibu mlinzi. Saa kumi na moja na robo. Gari lililomchukua nililisikia likitoka, nilidhani ni mteja.

Mlinzi akaniletea karatasi. Namba ya simu, mwandiko wa penseli, na chini yake: nipigie, simu yangu haina mluzi.

Jumatatu, 10 Machi

Kituo mpya ni mwanamume mwenye mafua.

Karatasi iko mfuko wa shati, nimeitoa mara ishirini, namba naijua kwa kichwa. Dada amenisamehe, amenipa simu yake mkononi, imeshafunguliwa, akasema piga sasa hivi mbele yangu. Nikamwambia asiniharakishe. Kwenye simu nitasema nini?

Badala yake nimemuuliza fundi wa redio. Anasema kwa antena ndefu, lori likiwa kileleni mwa mlima, asubuhi isiyo na mawingu, huenda redio ikafika upande wa pili. Huenda! Nimeagiza ya mita tatu. Na spika nne badala ya mbili, maana akiitika atakuwa mbali, na nataka nimsikie vizuri.