Mbwa wa Sponji

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Balaa limeingia nyumbani, na limeingia wakati wa chai ya asubuhi. Mke wangu katangaza kwamba familia hii inahitaji mbwa. Si mbwa wa kulinda. Mbwa wa kucheza! Yeye ni mwalimu wa chekechea, akishatangaza jambo huwa limepita. Anasema watoto hucheka zaidi na kugombana kidogo wakiwa na mnyama. Bosi akapiga makofi. (Bosi ni binti yetu wa miaka saba, anayeiendesha nyumba hii tangu alipojua kusema.) Mapacha, wana miaka minne, wakaanza kubweka. Walikuwa bado wanabweka nilipotoka kwenda karakana.

Shajara, nakwambia wewe peke yako. Mimi naogopa mbwa. Tena si kidogo. Nikiwa darasa la tatu, mbwa wa muuza maziwa alinikimbiza nikapanda juu ya tangi la maji, wakanishusha kwa ngazi mbele ya shule nzima. Tangu siku ile, mbwa akiwa upande huu wa barabara, mimi niko upande ule. Mke wangu anadhani napenda tu kuvuka barabara. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane, baba wa watoto watatu, fundi wa makochi mwenye karakana yake, anasemaje jambo kama hili? Hasemi. Anakufa nalo.

Nimejibu kwamba wazo ni zuri sana, ila linahitaji utafiti. Utafiti unaweza kuchukua miaka. Nimeshusha pumzi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Utafiti umechukua siku moja. Shemeji kaja.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Anafuga labrada, na anamsifu kana kwamba kamzaa yeye. Kabla hajaketi kasema labrada ni mvumilivu, watoto wanaweza kumpanda na yeye akasinzia. Kasema bigo, yule mwenye masikio marefu, hachoki kucheza. Kasema pudo ni mwerevu na manyoya yake hayapukutiki ovyo. Nikauliza, kwa sauti ya mtu msomi, ni aina gani inayolala zaidi. Aina gani isiyozidi goti, yenye meno machache, na yenye kuwaogopa wanaume wa makamo. Shemeji akaweka kikombe chini. Akasema mnyama huyo anaitwa sungura.

Nikadaka hapo hapo! Nikapendekeza sungura. Kura ikapigwa: mbwa kura tano, sungura moja. Mapacha wanapiga kura nyumba hii. Shemeji naye kapiga, sijui kwa haki gani.

Imeamuliwa. Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda kwa daktari wa mifugo anayewatafutia nyumba mbwa waliokosa wenyewe. Siku kumi na moja. Sikio la kufa halisikii dawa, na hapa masikio yote ni ya kufa isipokuwa yangu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Leo nimefumua kiti cha saluni, kimevikwa manyoya bandia ya kahawia. Nikayatazama manyoya. Nikatazama sponji niliyobakiza kwenye kochi la watu watatu. Wazo likaja lenyewe.

Nimemweleza mke wangu hivi: mbwa ni kiumbe, haji kufanyiwa majaribio. Basi nitawashonea watoto mbwa wa sponji. Wakimtunza mpaka Ijumaa ya tarehe kumi na nne akiwa mzima, wa kweli anakuja. Akichanika, tunangoja mapacha watimize miaka kumi. Nilitegemea ubishi. Hapakuwa na ubishi. Kasema hata chekechea wao hufanya hivyo kwa yai: mtoto hukabidhiwa yai alitunze wiki nzima kabla ya kukabidhiwa kifaranga. Kakubali haraka mpaka nikaona haya.

Sasa siri ya kazi. Miaka ishirini na moja naapa mbele ya wateja kwamba mshono wangu utaishi kuliko mbao. Leo, kwa mara ya kwanza, nimeshona kwa uzi mwembamba wa kushikizia, mishono mirefu kama ya mtu mwenye haraka ya kwenda msibani. Mapacha wamekwisha kuvunja kitanda, kitasa cha mlango na ndoo ya bati. Mbwa wa sponji hafiki hata Jumapili.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimemkabidhi mbwa jioni, watoto walipotoka shule. Wamemwita Sponji. Dakika ya pili, pacha mmoja kavuta sikio la kulia, mwenzake la kushoto. Chwaa! Sikio la kushoto limetoka! Uso wangu ulijaa huzuni, moyoni ni sherehe.

Bosi hakulia. Kaenda kwenye sanduku langu la vifaa bila kuniuliza, kachukua sindano kubwa na uzi wa nailoni, ule ninaoshonea viti vya malori. Mama yake kamtungia uzi. Yeye kashona sikio, kisha kamgeuza mgonjwa na kushonea upya kila mahali alipoona pamelegea. Ulimi umetoka nje, jicho moja limefumba. Hivi hivi ninavyofanya mimi. Sikio lile sasa haling'oki hata kwa trekta.

Nimeudhika. Pia, lazima niseme, mshono ulikuwa umenyooka.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpango wa pili. Nimemwalika shemeji aje na labrada wake. Hesabu yangu: mbwa halisi akiona mbwa wa manyoya, anamrarua, mambo yamekwisha, na lawama ni za shemeji. Ndege wawili kwa jiwe moja. Tatizo ni kwamba labrada angeingia sebuleni, na sebule ndiyo niliyomo mimi.

Nikapanda juu ya meza kubadilisha taa.

Nimebadilisha taa kwa saa mbili. Labrada kaingia, mkubwa kama ndama, mkia unagonga kila kitu. Kamnusa Sponji. Nikashika waya na kuomba dua. Kamnusa tena. Kisha kajilaza ubavuni kwake, kamwekea mguu mmoja, kasinzia. Shemeji kasema hivyo ndivyo labrada walivyo, wana moyo. Kauliza mbona taa inawaka vizuri tu. Nikamjibu kwamba fundi mzuri hangoji kitu kiharibike.

Mke wangu katoka jikoni. Kaitazama taa, kaitazama miguu yangu, halafu kaniletea chai hukohuko juu. Nimeinywa nimesimama. Labrada alipoondoka magoti yalikuwa yamekufa ganzi, lakini roho ilitulia tuli. Sijagundulika.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Zimebaki siku mbili. Nimepiga moyo konde: nitamfumua mwenyewe. Mchana watoto huwa shuleni. Nimefunga karakana, nikarudi nyumbani na kisu cha kufumulia mfukoni, nikanyata kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Kumbe leo shule zilifunga mapema. Watoto walikuwa chumbani, mlango uko wazi nusu. Nikasimama nyuma yake.

Bosi alikuwa akiwafundisha mapacha. Aliwaambia Sponji ni mbwa anayeogopa watu, ila anaona aibu kusema. Kwa hiyo hakimbiliwi. Mtu anakwenda polepole, anakaa chini, anashusha mkono, anangoja. Na asicheke, kwa sababu anayeogopa hachekwi. Pacha mmoja akauliza nani kasema. Bosi akajibu kwamba ni mama.

Na mapacha, shajara! Wavunja vitanda wale! Wakaja kwa magoti, mmoja mmoja, pumzi wamezibana, mikono chini. Mmoja akanong'ona, "Usiogope bwana, ni sisi tu."

Nilimkumbuka mtoto mmoja juu ya tangi la maji, na shule nzima ikicheka chini. Sikuwahi kumhurumia yule mtoto. Leo nimemhurumia. Nikarudisha kisu mfukoni.

Walipotoka kucheza uani nilimchukua Sponji. Tumbo lilikuwa linaanza kuachia pale nilipoweka ule uzi wangu wa aibu. Nimelishona mara mbili, kwa nailoni. Nimefanya hivyo kwa heshima ya kazi tu, isidhaniwe vinginevyo.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Sponji kafika mzima. Sisi tumefika kwa daktari wa mifugo saa tatu asubuhi. Mimi nilikuwa wa mwisho kushuka, nikasema natafuta kitambaa changu cha jasho. Kilikuwa mkononi.

Ua mpana, waya pande zote. Boksa, mbwa mwenye uso bapa, akaruka, mwili mzima unacheza. Pudo mweupe akabweka, nikajikuta nyuma ya mke wangu. Nikasema naangalia ua kwa mbali, kitaalamu. Daktari, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, kasema aina ya mbwa ni mwanzo tu wa habari. Labrada mmoja hutofautiana na mwingine kama ndugu wa tumbo moja. Mtazame mwenyewe, kasema. Akaangusha mfuniko wa sufuria, kwaa! Boksa akakimbia. Pudo akafoka. Mimi nikaruka. Mbwa mmoja tu alikuja kuunusa mfuniko kisha akatazama watu, kama anayeuliza kama kuna lingine.

Huyo ni mchanganyiko wa labrada na bigo, wa kimo cha kati, ana miaka miwili. Uvumilivu wa huku, masikio ya kule. Mapacha wakamviringishia mpira, akaurudisha. Mara thelathini. Mmoja akamwangukia kabisa, akalambwa sikio. Bosi akashusha mkono na kungoja, na mbwa akaja mwenyewe. Nilikwishajua mambo yamekwisha.

Kisha akanijia mimi.

Nilitafuta meza ya kupanda. Haikuwepo. Alisimama hatua mbili mbele yangu. Hakunirukia. Akalala chini, kidevu ardhini, akaangalia pembeni, kana kwamba kaja kwa shughuli zake. Nikahesabu hadi mia. Akasogea kidogo. Nikahesabu tena. Akasogea. Mwisho akaweka kidevu juu ya kiatu changu, akashusha pumzi ndefu kuliko zangu zote za wiki hii.

Bosi kanishika mkono. Kaninong'oneza niushushe taratibu, kama kwa Sponji. Nikashusha. Manyoya ya kichwani yalikuwa laini kuliko kitambaa chochote nilichowahi kushonea. Akanilamba mkono; ulimi wa moto na wenye maji. Sikufa! Miaka ishirini na tisa nimevuka barabara, na sikufa! Machozi yalinitoka. Nimewaambia ni vumbi.

Lipo jambo moja la ajabu. Wakati wa kutia sahihi nimeiona fomu tuliyotumiwa wiki iliyopita, kaijaza mke wangu. Pameandikwa: "Watoto nyumbani: wanne. Mmoja mkubwa anaogopa mbwa na hataki ijulikane. Tafadhali mchagulieni huyo kwanza." Nimemweleza daktari kwamba kuna kosa, watoto ni watatu. Daktari kamtazama mke wangu. Mke wangu kaangalia paa.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Ninaandika huku Sponji wa Pili kalala juu ya miguu yangu. Miguu imekufa ganzi na siitoi. Jana tumetembea naye barabara nzima bila kuvuka hata mara moja. Shemeji kaja kumkagua, kakiri kwamba chaguo ni zuri. Nimemwambia wazo lilikuwa langu tangu mwanzo. Kutafiti ndiko kulikosaidia, nimemwambia.

Ile fomu bado inanisumbua. Asubuhi nimewahesabu watoto mezani. Watatu. Nikamchunguza kila mmoja: wote wanamkumbatia mbwa, hakuna anayeogopa. Basi nimehitimisha kwamba mke wangu alichanganya na fomu za chekechea. Kazi nyingi, maskini. Sikumwambia, nisije nikamtia aibu.

Kwa ujumla siku njema, ila jambo moja. Wakati wa chai Bosi katangaza kwamba Sponji wa Pili anahitaji mwenzake. Anataka paka.

Shajara, nakwambia wewe peke yako. Darasa la tano, stoo ya bibi, paka mweusi aliyeniangukia kutoka darini.

Nimejibu kwamba wazo ni zuri sana, ila linahitaji utafiti. Mchana nimekata sponji, kipande kidogo, cha kimo cha paka. Uzi safari hii nimechagua mwembamba kuliko ule wa kwanza. Mke wangu kapita karakana akitoka kazini, katazama sponji, katazama uzi. Kaniwekea chai juu ya meza na kwenda zake akitabasamu.

Nimeshusha pumzi. Hajui kitu.