Minyoo Wangu Watatu

Jumatatu, 12 Mei 2025
Dk. Bertilla, mkuu wa maabara yetu hapa Sumbawanga, katangaza nafasi ya mafunzo Arusha. Moja tu! Na tuko wawili: mimi Nestory, na Atusaye wa Mbeya. Mwenye matokeo mazuri Alhamisi ndiye atakayekwenda. Kazi yenyewe: programu inalinganisha DNA za minyoo wa aina tatu zenye undugu. Inatafuta vipande ambavyo si jeni lakini vimebaki vilevile kwa wote, kama pua ya ukoo wetu. Vikibaki hivyo, huenda vina kazi kubwa. Nimempigia mama yangu, kule mtaani Malangali, nikamwambia nakwenda Arusha. Ya nini kumchelewesha?

Jumanne, 13 Mei
Balaa! Jumuiya nzima ya mama kanisani imeshaniombea safari njema. Shangazi Hilaria kaagiza nimletee viatu. Na mtandao unatambaa. Nimepakua faili la mnyoo mmoja tu. Atusaye alianza kupakua wiki iliyopita, kabla hatujaambiwa. Kiherehere! Nikamwomba mafaili. Akasema atanipa, nisubiri kwanza programu yake imalize. Nisubiri? Mimi?

Jumatano, 14 Mei
Akili ni mali. Nimenakili faili langu mara mbili, nakala nikazipa majina ya minyoo wale wengine. Nikabonyeza. Vipande vinavyofanana: vyote! Kichwa hadi mkia! Atusaye kapata vichache, tena vifupi. Nimempa pole. Begi nimeshapanga.

Alhamisi, 15 Mei
Nilivaa tai. Grafu yangu: mstari mmoja, umenyooka juu kabisa. Atusaye akauliza, kwa ule upole wake, imekuwaje minyoo waliotengana mamilioni ya miaka wasitofautiane hata herufi moja. Nikajibu kwamba ni ukoo wenye malezi. Dk. Bertilla hakucheka. Akafungua mafaili yangu, akayatazama, akasema njia ya mwongo ni fupi. Fupi ndiyo niliyokuwa naitafuta! Nafasi kapewa Atusaye. Mimi Jumatatu nakwenda kijijini Pito na jembe, kuchimba minyoo wa maabara kwenye matuta ya watu. Aibu! Masikio yanawaka mpaka sasa.

Ijumaa, 16 Mei
Nimetafakari sana, na kosa nimeliona. Nakala zilifanana mno! Ningebadilisha herufi hapa na pale, nani angejua? Mama hajui lolote. Jumatatu atanisindikiza stendi na jumuiya yake, wakiimba. Nitapanda basi, nishuke mbele kidogo, nirudi nyuma hadi Pito kwa miguu. Picha za Arusha nitamwomba Atusaye anitumie zake. Nitabadilisha kichwa tu.