Injini Haonekani

Sijui nani alimwonyesha Spika kusoma habari kwenye simu. Kazi yake ni kushona suruali, lakini habari anazisoma kama anatangaza mpira, na kijiwe chetu kizima, yaani benchi moja chini ya dirisha la kiwanda cha magodoro, lazima kisikie.

"Sikilizeni!" akapaza sauti. "Kampuni moja ng'ambo imewaondoa waangalizi wa seva wote! Programu ndiyo inaangalia! Injini, mshikaji wangu, umekwisha!"

Tukamgeukia Injini. Yeye ndiye anayeangalia seva za kiwanda, zile kompyuta kuu zinazotunza oda, na jina tulimpa sisi kwa kuwa akianza kuongea hana breki. Badala ya kununa akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kiatu. Kiatu nilichokishona mimi jana, mtu huyu hana adabu.

"Nimekwisha wapi? Programu ya namna hiyo ninayo! Nimejifunza miezi mitatu, nikaisuka mwenyewe. Kila dakika inaita mashine zote kwa jina. Isiyoitikia, inaiwasha upya. Ikigoma kuwaka, inatuma ujumbe kwenye simu."

"Na wewe unafanya nini?" akauliza Shangazi, muuza kahawa wetu.

"Nakunywa kahawa, Shangazi."

"Basi barua ya kazi waipe programu."

"Usinitie nuksi! Muda wangu wa majaribio kazini unaisha leo saa sita. Mama Meneja anaamua: barua ya ajira au mlango wa kutokea. Ndiyo maana asubuhi, kabla sijaja kukaa hapa, niliingiza namba yake kwenye programu. Kila ujumbe unamfikia na yeye, aone kwa macho yake."

Nilimfurahia kweli, kiatu nikakisamehe. Mara simu yake ikalia. Akasoma kwa sauti, kwa maringo yote:

"HATARI! SHANGAZI haitikii. Imeitwa mara tatu."

"Aa, simu yangu imeisha chaji," akasema Shangazi.

Spika akamtazama Shangazi, akamtazama Injini. "Tangu lini Shangazi ni seva?"

"Niliogopa kujifunzia kwenye seva za watu," Injini akajibu. "Nikajifunzia kwenye simu zenu na yangu. Si mnatumia waifai ya kiwanda, ile ya dirisha hili niliyowapa? Nikaziandika kwa majina ya kijiweni. Halafu asubuhi nikanakili orodha nzima kwenye programu ya seva, na majina yenu humo humo..." Akaitazama simu upya. "Mungu wangu. Mama ameupata huu ujumbe."

Shangazi alicheka akashika birika lisimdondoke. Mimi mbavu ziliniuma.

"Futa basi!" nikasema.

"Kompyuta iko ofisini, nayo iko mlango kwa mlango na Mama! Asiondoke mtu! Simu ikitoka hapa, ujumbe mwingine!"

"Mimi nabanwa tangu saa tatu," akasema Spika.

"Jikaze!"

"Nijikaze wapi, bwana we? Nimekunywa vikombe vinne!"

"Acha simu hapa!"

"Simu yangu? Niwaachie nyinyi? Thubutu!" Akachomoka mbio, mkono mmoja kwenye simu, mwingine kwenye mkanda.

HATARI! SPIKA haitikii.

Baadaye: SPIKA imerudi. Ilipotea dakika nne.

Tulikuwa bado tunafuta machozi lango lilipofunguka. Mama Meneja, simu mkononi, miwani puani. Injini akajificha nyuma yangu, na mimi ni mwembamba.

"Shikamoo, Mama," tukasema kwa pamoja, kama darasa.

"Marahaba. Spika ni nani?"

"Mimi, Mama."

"Dakika nne. Pole. Na Shangazi ni wewe? Chaji simu, umenitisha, nimedhani ni seva ya oda." Akashusha macho kwenye simu. "Chini ya ujumbe kuna orodha, na humo mashine nyingine inaitwa INJINI. Imeunganishwa na kile chombo cha waifai hapo dirishani tangu saa mbili na nusu, haijakatika hata dakika moja. Nimeuliza idara zote, hakuna anayeijua."

Injini akajitokeza polepole, kikombe mkononi.

"Ni mimi, Mama."

"Programu nani kaisuka?"

"Mimi, Mama."

"Sijawahi kuona mfanyakazi akijishtaki mwenyewe kila dakika." Akatoa bahasha. "Programu inafanya kazi, nimeshasaini. Umeajiriwa. Ila hiyo orodha usiifute. Ingia ndani."

Benchi zima lililipuka. Spika alipiga mluzi, Shangazi akamimina vikombe bila kuangalia ni vya nani, na mimi nilipiga makofi kwa soli za viatu. Injini akalivuka lango akikimbia, bahasha kifuani.

Simu ya Mama ikalia. Akasoma kwa utulivu: "HATARI! INJINI haitikii. Haonekani dirishani."

Akairudisha mfukoni. "Huyo ndiyo kwanza amepatikana," akasema, akakaa kwenye nafasi ya Injini na kumnyooshea Shangazi mkono apewe kahawa.